Nani Aliacha Kuzipenda?

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 2025 tulikuwa watu wanne kwa keja yangu Githurai, tumebanana kitandani, kompyuta yangu mbovu imewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tulikuwa tumechanga zaidi ya elfu nne kulipia matangazo ya moja kwa moja ya tamasha la mwisho la Black Sabbath, kule uwanja wa Villa Park, Birmingham. Elfu nne na kitu, kwa watu ambao wiki hiyo hakuna hata mmoja alikuwa na kazi ya maana. Mimi nilitoa pesa ya stima. Sikulalamika.

Tukakaa hapo tangu jioni. Slayer wakapita, Guns N' Roses wakapita, Metallica wakapita, kila bendi ikija kama jamaa anayekuja kumsalimia babu. Usiku wa manane Ozzy Osbourne akapandishwa jukwaani akiwa ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi, kwa sababu Parkinson ilikuwa imemnyang'anya miguu. Miaka 76. Sauti ilikwama hapa, ikatoka nje ya wimbo pale, ikarudi. Halafu wakaingia Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward, wote wanne pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20. Ward, miaka 77, akavua shati na kupiga ngoma kifua wazi kama kijana wa mjengo. Walipiga nyimbo nne tu. Tulilia. Kuna jamaa kati yetu ambaye sijawahi kumwona akilia hata kwa mazishi ya baba yake, na usiku huo alijifunika uso na blanketi langu.

Hakuna aliyesema, "Huyu mzee amechoka, si akae nyumbani." Tuliita ushujaa.

Jumatatu ilikuwa Saba Saba na mji ukafungwa, hakuna aliyeenda popote. Jumapili iliyofuata, tarehe 13, yule jamaa wa blanketi akanivuta hadi baa moja huko Eastlands. Alisema kuna bendi ya wazee hupiga kuanzia saa tisa, rumba na benga za kitambo, tukule nyama, tuondoe mawazo. Mlangoni kijana akaitisha kiingilio, mia mbili. Nayaandika maneno yangu vile yalivyotoka, kwa sababu makala hii yote imetoka kwa aibu ya maneno hayo. Nilisema: "Soo mbili ya zilizopendwa? Si nitazisikia tu kwa mathree nikirudi?"

Kijana wa mlango hakunijibu. Alinyoosha tu mkono, akangoja.

Wacha tuanze na hilo neno. Kiswahili kiko wazi: zi-li-zo-pend-wa. Hiyo "li" ni ya wakati uliopita. Nyimbo ambazo wakati fulani watu walizipenda. Sasa mimi nauliza, nani aliacha kuzipenda? Lini? Kulikuwa na mkutano? Waingereza roki ya kina Sabbath wanaiita kwa neno lililo ndugu na lile wanalotumia kwa muziki wa Mozart, maana yake kitu kilichosimama, kitu cha kupimia vingine. Sisi tulipotafuta jina la muziki wa gitaa wa baba zetu, tukauweka kwenye wakati uliopita na kitenzi cha kutendwa, ili hata asijulikane nani aliyependa na nani aliyeacha. Halafu redio zikachukua neno hilo, zikalifanya kipindi cha Jumapili cha kusindikizia chapati, na tangu hapo mpiga gitaa yeyote aliyezaliwa kabla ya 1960 hawezi kupanda jukwaani bila kubandikwa mgongoni kama risiti.

Najua jina ni jina tu, utasema. Lakini jina ndilo linaamua mtu anasikilizwa vipi. Nilienda pale nikiwa nimejiandaa kuona huruma. Hisia niliyobeba kutoka nyumbani ni ile ya kutembelea mgonjwa: unakaa kidogo, unatabasamu, unaacha kitu, unaondoka.

Bendi yenyewe ni watu sita. Mpiga ngoma ni kijana wa rika langu, mjukuu wa mwimbaji. Wengine wote ni wazee wa kupewa kiti. Mpiga solo, ambaye simtaji kwa sababu sikumwomba ruhusa, ana miaka 74, na amepita kwenye bendi nne au tano, nyingine hata ukizitafuta kwenye intaneti huzipati. Miguu haimshiki kwa muda mrefu kwa hivyo hupiga akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki cha baa, kile chenye tangazo la bia mgongoni. Niliposema hivyo nyumbani wenzangu walicheka. Hakuna aliyecheka kile kiti cheusi cha Birmingham.

Halafu wakaanza kupiga.

Nitaeleza kwa lugha ya mtu wa roki kwa sababu ndiyo niliyo nayo. Roki hujenga ukuta. Iommi anashika nyuzi chache, nzito, zote zinaanguka pamoja, na wewe unasimama mbele ya ule ukuta unatingisha kichwa. Hawa wazee hawajengi ukuta, wanasuka mkeka. Ridhimu anashika kitu kidogo, nyuzi tatu nne, anakirudia bila kuchoka. Gitaa la pili linaingia kwenye matundu ambayo ridhimu ameyaacha, na ukijaribu kulisikiliza peke yake linasikika kama mtu anayejibu simu, nusu ya mazungumzo. Solo inapita juu ya hizo mbili. Besi ndiyo iliyonimaliza. Haishuki pale unapoitarajia. Inanyamaza kwanza, inakuacha unaning'inia, halafu inashuka baada yako. Nimesikiliza muziki huu tangu tumboni, kwa gari la mjomba, kwa kinyozi, kwa kila harusi, na sikuwahi kujua kwamba besi hunyamaza. Spika ya matatu haikuonyeshi kunyamaza. Inakuonyesha kelele tu.

Na kuna jambo jingine ambalo rekodi haiwezi kukupa. Zile santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo ndizo nyimbo hizi zilitolewa nazo, zilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande. Wimbo ukakatwa katikati. Upande wa kwanza maneno, hadithi, mpenzi ameondoka. Kabla gitaa halijapata moto, ugeuze. Ndiyo maana nyingi ziliandikwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2. Wazazi wetu walizipenda zikiwa zimekatwa, na sisi tumerithi hicho kipande na kudhani ndicho wimbo. Pale baa hakuna wa kugeuza. Maneno yaliisha, mwimbaji akarudi nyuma hatua mbili, na magitaa yakaendelea dakika kumi na mbili. Nilipima, kwa simu. Katika dakika ya saba hivi yule mzee alibadilisha kitu kidogo sana, noti moja tu, akaisogeza kabla ya mahali pake, na wamama waliokuwa kwa meza ya nyuma wakasimama wote kwa pamoja kama waliokanyaga waya wa stima. Hawakuwa wanakumbuka chochote. Kitu kilikuwa kinafanyika hapo hapo.

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki tena vizuri, baridi yabisi. Kwa hivyo amejifunza upya. Vile alivyokuwa akivicheza kwa vidole vinne anavipitisha kwa viwili na kidogo cha cha tatu, anateleza pale ambapo zamani alikuwa akiruka, na sauti imebadilika, imekuwa na kama kilio fulani ambacho hakimo kwenye rekodi zozote za ujana wake. Kila mtu wa roki anajua hadithi ya Tony Iommi: miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kwenye kiwanda cha chuma, mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na kutoka kwa huko kulegeza ndiko ile sauti nzito ilipatikana. Tunaisimulia kama Injili. Nimeiandika mwenyewe mara tatu kwa malipo. Na hapa Eastlands, kwa mia mbili, kuna mtu anayefanya kitu kilekile mbele ya macho yangu akiwa na miaka 74, na mimi nilikuwa nimekuja kumhurumia.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Kama saa kumi na moja na nusu mzee wa solo aliomba maiki. Kwa kawaida haongei. Akasema, "Hii ni mpya. Nimeitunga mwaka huu." Ni wimbo wa msichana aliyeenda Saudia kufanya kazi za nyumba, na mamake anayelala na simu chini ya mto kwa sababu msichana hupata nafasi ya kupiga usiku tu. Mwendo wa polepole, karibu ya taarabu, gitaa linaanza peke yake. Ulikuwa mzuri? Ninachoweza kukuambia ni vile ulivyoanza, kwa sababu haukufika mbali. Watu waliinuka kwenda msalani. Wengine wakaita mhudumu. Kutoka meza za mbele zikaanza kelele: "Sina Makosa! Mzee, tupigie Sina Makosa!"

Mmoja wa waliopiga kelele ni mimi.

Sikuwa mlevi. Nilikuwa nimefurahi, nilitaka furaha iendelee ile njia niliyoijua. Mzee akatabasamu, akageuka kwa mwenzake wa ridhimu, akaachia wimbo wa Saudia katikati ya ubeti, na akaingia kwenye ule wa Les Wanyika. Baa ikalipuka. Nikatoa simu nikarekodi sekunde arobaini. Nilipoiweka TikTok usiku huo ilitazamwa na watu wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Maoni ya juu kabisa yalisema: "Hawa bado wako hai?"

Les Wanyika walijitenga kutoka Simba Wanyika mwaka wa 1978. Yule mzee hakuwa mmoja wao. Ni wimbo wa watu wengine, ambao wengi wao wameshatangulia, na yeye anaupiga kila Jumapili kwa sababu sisi hatumruhusu kutoka bila kuupiga. Ameupiga mara ngapi? Na mimi ndiye niliyekesha mwaka 2023 nikingoja Rolling Stones watoe albamu yao, ya kwanza ya nyimbo mpya kabisa baada ya miaka 18. Nilitaka kujua Mick Jagger ana nini cha kusema akiwa na miaka 80. Nilisikiliza kila wimbo, nikabishana na watu nisiowajua juu yake. Mzungu wa miaka 80 ana cha kusema. Mzee wa Eastlands ana cha kukumbusha tu.

Jumanne ya tarehe 22 Julai Ozzy akafa, siku 17 baada ya lile tamasha. Kabla hata sijamaliza kusoma habari nilikuwa nimeombwa tanzia mbili. Niliandika zote, moja asubuhi, moja usiku, na nikalipwa ndani ya wiki, jambo ambalo kwa mwandishi wa kujitegemea nchi hii ni muujiza. Nikaona huu ndio wakati. Nikamwandikia mhariri mmoja, simtaji yeye wala tovuti yake, nikapendekeza makala ndefu kuhusu bendi ya wazee: vidole, besi, mjukuu kwenye ngoma, wimbo wa Saudia. Jibu lake ninalo bado kwenye simu. Alisema ni poa sana ila haina habari. "Iweke. Mmoja wao akienda, tunaitoa siku hiyohiyo."

Hakuwa mtu mbaya. Hata alimaanisha vizuri. Lakini nilisoma hayo maneno nikakumbuka chuo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, sababu zake si za hapa, lakini kabla sijatoka nilifanya kozi ya fasihi simulizi. Tulitumwa nyanjani na simu zetu turekodi nyimbo za wazee, na sababu tuliyopewa ilikuwa moja: haraka, kabla hawajafa. Tuliwafikia kama watu wanaokimbilia duka linalofungwa. Tukarekodi, tukatafsiri, tukapata alama. Nyanya mmoja aliyeniimbia wimbo wa kutwanga aliniuliza kama ningependa pia kusikia alioutunga mwenyewe juu ya chifu wa siku hizi. Nilimwambia asante, hiyo haiko kwenye kazi niliyopewa.

Huo ndio ugonjwa. Tunauita utunzaji wa urithi, na unahitaji mtu awe amekufa au awe njiani. Ukishakufa tunakupa kila kitu. Kuna video ya rambirambi kutoka kwa wanasiasa, kuna bendera ndogo ya nchi kwenye machapisho, kuna mchango wa kulipa bili ya hospitali ili mwili utoke. Huo mchango hufika kwa kasi ambayo kiingilio cha mia mbili hakijawahi kufika nayo.

Tazama tulichowafanyia Them Mushrooms. Bendi iliyoanzia Mombasa 1969, ndugu wa familia moja wakiongozwa na Teddy Kalanda, watu waliopiga chakacha, rege, benga, wakarekodi na Malika na hata na Fundi Konde mzee. Sisi tumewabakishia "Jambo Bwana" ya 1982, wimbo wa kumpokea mtalii, ambao Boney M waliuchukua mwaka uliofuata. Muulize kijana yeyote wa Nairobi ataje wimbo wao wa pili. Nangoja.

Na kama hatuna habari nao, wengine wanayo. Zambia ya miaka ya sabini ilikuwa na roki yake, nzito, ya gitaa la kukwaruza, na kinara wake lilikuwa kundi la WITCH. Mwimbaji wao, Jagari Chanda, jina hilo la Jagari alilipata kutokana na Mick Jagger. Uchumi wa shaba ukaanguka, kundi likafifia, wenzake wengi wakafa, na yeye akaishia kuchimba vito ardhini. Santuri zake zikaanza kusakwa na Wazungu wanaokusanya vitu adimu. Kampuni ya Marekani ikazitoa upya, Mwitaliano akatengeneza filamu iliyotoka 2019, vijana wa Kizungu wakashika magitaa nyuma yake, na mzee wa watu akaanza kuzunguka Ulaya na Marekani. Mwaka 2023 wakatoa albamu mpya, Zango, waliyoirekodi Lusaka. Sasa vijana wenzangu wa roki hapa Nairobi wanamjua Jagari, wana fulana yake, na wanamjua kwa sababu alitoka Lusaka akapitia kwanza California. Nampenda Jagari sana. Nauliza tu kama ni lazima kila mzee wetu apitie uwanja wa ndege ndio tumsikie.

Afadhali Dar es Salaam. Msondo Ngoma ni bendi iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, Sikinde ilianza 1978, na zote zimevuka miongo hii yote zikiwa na mashabiki wanaopingana kama wa Simba na Yanga. Sisemi wanaogelea pesani. Ila shabiki wa Msondo anabishana juu ya Msondo ya leo, nani ameingia, nani amehama, nani ameharibu. Mimi natamani siku ambayo nitasikia watu wawili kwa mathree wakigombana juu ya mpiga solo mwenye miaka 74, mmoja akisema Jumapili hii alipiga vibaya. Hiyo itakuwa heshima.

Kwa sababu, ndiyo, wakati mwingine wanapiga vibaya. Nimerudi pale mara nne tangu Julai. Mara ya tatu mwimbaji alikuwa na mafua, maiki ikapiga kelele saa nzima, na mjukuu alikuwa na haraka zake, akaukimbiza kila wimbo. Kuna msee aliniambia, "Buda, hiyo si muziki, ni kumbukumbu na vyombo vibovu." Vyombo ni vibovu, kweli. Spika moja imepasuka na imeshonwa kwa gundi. Lakini Ozzy naye alikuwa nje ya wimbo na tukalipa elfu nne. Tofauti ni kwamba kwa Ozzy tulisikiliza kilichokuwa kinapita ndani ya ule udhaifu. Kwa wazee wetu tunasikiliza kama tunakagua gari la mtumba.

Wapo pia watakaosema wazee wenyewe wanapenda kupiga zile za zamani, ndizo zinaleta watu, usiwaharibie biashara. Hii hoja naiheshimu kidogo. Nilimwuliza mzee mwenyewe mara ya pili nilipoenda, wakati wanakunja nyaya. Kwanza nilimwomba radhi kwa kelele zangu. Hakukumbuka kelele zangu hasa, alisema zote hufanana. Akaniambia hana chuki na nyimbo za zamani. "Ni kama ugali," akasema. "Siwezi kukasirika ati naombwa ugali. Lakini wewe kijana, ukija kwangu nikakupikia samaki, na wewe unasema hapana, ugali tu, ugali mtupu, utakuwa umenikosea." Nikamwuliza ule wimbo wa Saudia unaitwaje. Akasema hauna jina. Atauita siku mtu atakapouomba.

Kisha akaniuliza juu ya video. Mjukuu alikuwa amemwonyesha. Alitaka kujua watu wote wale waliotazama, zile pesa huenda kwa nani. Nikaanza kumweleza habari za kompyuta za mbali, wafuasi, matangazo, na nikajisikia nikiongea kama wakala wa mashamba hewa. Ukweli ni kwamba mimi sikupata senti kwa ile video, lakini nilipata wafuasi, na wafuasi wakanipatia kazi mbili. Yeye siku mbaya hurudi nyumbani na mia tano. Siku za wiki ni bawabu kwa ghorofa moja huko Buruburu. Nilimtumia elfu moja kwa M-Pesa hapohapo na akaikubali bila maneno mengi, na niliona wazi kwamba ameipokea kama deni lililolipwa kwa kuchelewa. Hakuona msaada hapo, na hakukuwa na msaada.

Sitaki kusikia tena habari za "kuwaenzi". Enzi ni neno la mazishi siku hizi. Nataka tuwalipe kama watu walio kazini. Kama wewe hupanga sherehe, na najua baadhi yenu mnaosoma hapa hupanga, na una bajeti ya DJ wa kucheza rumba za kitambo kutoka kwa flashi, hizo pesa zinatosha bendi yenye watu wa kuzipiga. Usiwaweke saa kumi jioni kabla watu hawajafika, na usiwavishe vitenge vinavyofanana. Waulize wana nini kipya. Kama una studio kwa chumba chako cha kulala, na nusu ya mbogi yangu wanayo, mrekodi mzee wimbo aliotunga mwaka huu, wote, bila kuukata, kwa jina lake na kwa makubaliano yaliyoandikwa. Na nyinyi wahariri: makala ya mtu aliye hai inaweza kutoka siku ya Alhamisi ya kawaida. Hii unayoisoma imetoka baada ya kukataliwa mara tatu.

Kwa sisi wa roki nina neno moja zaidi, kwa sababu sisi ndio wabaya zaidi. Tulijiona watu waliokimbia muziki wa wazazi. Tukavaa nyeusi, tukajifunza majina ya mitaa ya Birmingham, tukajua kwamba Ozzy alifanya kazi kwenye kichinjio, kwamba Iommi alikuwa wa kiwandani, na tukaupenda muziki wao kwa sababu ulitoka kwa watoto wa maskini waliokataa kunyamaza. Enyewe ni kweli, ulitoka huko. Na bawabu wa Buruburu mwenye gitaa alitoka wapi?

Jumapili hii wanapiga tena. Saa tisa, ingawa huanza saa kumi kasorobo. Kiingilio kimepanda, ni mia mbili na hamsini, na yule kijana wa mlango bado hajibu maswali. Meza nzuri ni ile iliyo karibu na besi. Mimi nitakuwa hapo na yule jamaa wa blanketi, na mzee akimaliza wimbo wa pili nitauomba ule wa Saudia, kwa sauti ileile niliyotumia Julai. Kama uko karibu, njoo tupige kelele pamoja, maana nikiwa peke yangu watanizidi wale wa Sina Makosa.